Jibu la mtaalamu: Nawezaje kupata picha za mtaani bila watu kuanza pozi?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nina kamera ya DSLR ya mtumba pamoja na lenzi yake ya 18-55. Kila Jumamosi nazunguka Kariakoo, halafu nakwenda hadi Posta, nikijaribu kupata picha za watu wakiwa kwenye shughuli zao. Narudi na picha 300, zinazofaa mbili au tatu. Nyingine nyuso nyeusi ti, nyingine zimetikisika, zilizobaki mtu ananikodolea macho au ameshanyoosha vidole viwili. Wiki iliyopita muuza viatu alinishika mkono akataka nifute picha mbele yake. Ninunue lenzi ndefu nipige nikiwa mbali? Na sheria inasemaje?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Lenzi ndefu usinunue. Ukisimama upande wa pili wa Mtaa wa Msimbazi na lenzi ya milimita 200 hutaonekana mpigapicha, utaonekana mpelelezi, na yule muuza viatu atakuwa na sababu nzuri zaidi ya kukukamata mkono. Picha yenyewe nayo itatoka bapa: kichwa cha mtu, nyuma yake ukungu, Kariakoo imepotea. Hela hiyo nunulia betri ya pili na kadi ya pili.

Na hiyo hesabu ya mbili kati ya 300 isikuvunje moyo. Garry Winogrand, Mmarekani aliyejulikana kwa picha zake za mitaa ya New York, alipofariki mwaka 1984 aliacha roli za filamu zipatazo 2,500 ambazo zilikuwa hazijasafishwa hata kidogo. Kazi hii ina taka nyingi. Unachotakiwa kubadilisha ni aina ya taka: ukose kwa sababu mtu aligeuka, usikose kwa sababu kamera ilikuwa bado inatafuta fokasi.

Ukiyaangalia makosa yako vizuri, uso mweusi, mtikisiko na macho yaliyotumbuliwa kwenye lenzi, yote yametoka shina moja. Wewe unainua kamera kwanza, ndipo unaanza kazi. Kamera inapima mwanga, inahangaika na fokasi, mkono unazungusha zumu, na sekunde tatu zimekwisha. Sekunde tatu zinamtosha mtu kukuona, kukaza uso na kuweka kola sawa. Kazi hizo zote zimalizwe kamera ikiwa bado kifuani, ili kuinua na kubonyeza kuwe tendo moja.

Anza na zumu. Pete ya lenzi yako ina alama za 18, 24, 35 na kuendelea. Ipeleke kwenye 24, kata kipande cha tepu nyeusi ya umeme, ifunge isizunguke, kisha sahau kwamba lenzi hiyo ina zumu. Kwenye kamera ya sensa ya APS-C, ile ndogo iliyo kwenye DSLR nyingi, 24 inaona upana unaokaribia lenzi ya 35 ya kamera za filamu, ambayo wapigapicha wengi wa mtaani wameitumia miaka yote. Baada ya wiki chache jicho lako litajua fremu inaanzia wapi na inaishia wapi kabla hujachungulia. Ukimtaka mtu awe mkubwa zaidi, sogea hatua moja.

Fokasi nayo iondoe mikononi mwa kamera. Lenga kitu kilicho mita 2.5 kutoka ulipo, fokasi, kisha sogeza swichi ya ubavuni mwa lenzi kutoka AF (fokasi ya kamera) kwenda MF (fokasi ya mkono). Weka apacha, yaani tundu la lenzi linalopitisha mwanga, f/8. Kwa 24 na sensa hiyo, kila kilicho kati ya mita 1.5 hivi na mita 8 kitatoka kikali kiasi cha kutosha, bila wewe kugusa chochote. Ukifungua hadi f/5.6 eneo hilo linabana, takriban mita 1.7 hadi 4.8. Ukifika f/4 limebaki mita 1.9 hadi 3.8, na hapo kukosea hatua moja ni kukosa picha. Mchana kaa na f/8.

Kupima umbali kwa jicho ni ufundi wa kujizoesha, na Kariakoo rula zimetundikwa dukani. Kipande kimoja cha khanga kina urefu wa kama mita 1.5, doti ambayo haijakatwa ina kama mita 3. Mtu akiwa karibu kuliko kipande kimoja cha khanga ameshaingia ukunguni, usibonyeze. Akiwa umbali wa doti, bonyeza bila wasiwasi. Jizoeze bila kamera: mtazame mtu anayekuja, jiambie "sasa doti", halafu hesabu hatua zilizobaki hadi akufikie. Hatua nne hivi za mtu mzima ndiyo doti.

Mpango huu huvurugwa na kitu kidogo, pete kuguswa. Kwenye lenzi nyingi za zamani za 18-55 pete ya mbele hubaki ulipoiacha, ila inazunguka kwa kusuguana na shati au mkanda wa begi. Ifunge kwa tepu ya pili. Zile mpya, ambazo fokasi huendeshwa na mota hata ukiwa kwenye MF, nyingi hupoteza mahali ulipoziweka kamera ikizimwa au ikilala. Kwa hizo ongeza muda wa kulala kwenye menyu, na kila ukiwasha rudia ile mita 2.5. Usiguse zumu baada ya kufokasi, kwa sababu kwenye lenzi za bei hii fokasi huhama pamoja nayo.

Sasa mtikisiko. Mara nyingi si mkono wako, ni mwendo wao. Mtu anayetembea kawaida huenda kama mita 1.4 kwa sekunde. Akikatiza mbele yako umbali wa mita 2.5, na kamera yako ikiwa na pikseli milioni 24, shata, yaani muda ambao kamera inaacha mwanga uingie, ya 1/60 ya sekunde inamwacha asogee pikseli kama 55 kabla haijafunga. Uso umekwisha hapo. Kwa 1/250 anasogea pikseli 13 hivi, ulaini bado unaonekana. Kwa 1/500 ni sita au saba, na jicho halilalamiki tena. Basi mchana usishuke chini ya 1/500. Mkokoteni unaoteremka kwa kasi, bodaboda, mtoto anayekimbia: 1/1000. Ule mfumo wa kutuliza ulio ndani ya lenzi unatuliza mkono wako tu, mpita njia haumsimamishi.

Nyuso nyeusi ti ndiyo sehemu inayohitaji maelezo marefu, maana hapa vitabu vingi vya kamera havitusaidii. Mita ya mwanga haijui inatazama nini. Inachukulia kwamba ukichanganya vyote vilivyo mbele yake utapata kijivu cha kati. Mtu akipita mbele ya ukuta mweupe, au akiwa amevaa kanzu, au mbingu ikiingia nyuma ya kichwa chake, mita inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga ili weupe uwe kijivu, na uso wa mtu mweusi unazama. Akiendelea kutembea hadi mbele ya mlango wenye giza, kosa linageuka: mita inaongeza mwanga na ngozi inapauka kama iliyopakwa majivu. Mtu ni yule yule, jua ni lile lile, zimepita hatua mbili tu. (Habari ya vifaa kupimwa kwa ngozi za wengine ni ya siku nyingi. Kadi za Kodak ambazo maabara zilitumia kusawazisha rangi, zilizoitwa kadi za Shirley, kwa miaka mingi zilikuwa na picha ya mwanamke mweupe.)

Dawa yake ni kuipokonya kamera uamuzi. Weka M, yaani kila kitu unakichagua mwenyewe. Apacha f/8, shata 1/500, hizo hazibadiliki. Kinachobadilika ni ISO, yaani wepesi wa sensa kupokea mwanga, na unakariri namba tatu: kwenye jua kali 200, kwenye kivuli cha wazi, yaani upande wa barabara usiopigwa na jua, 1600, barazani au mlangoni mwa duka 3200. Siku ya mawingu mazito cheza kati ya 800 na 1000. Kanuni ya zamani ya jua kali ingekupa ISO 125 kwa f/8 na 1/500. Hiyo 200 imeongezwa theluthi mbili za stopu (stopu moja ni mwanga kuongezeka mara mbili au kupungua nusu) kwa ajili ya ngozi nyeusi. Kanzu nyeupe itakuwa ukingoni mwa kuungua, lakini ukipiga kwa RAW, yaani faili ghafi ya kamera, utairudisha. Uso uliozama ukiuinua nyumbani unakuja na chenga.

Kuna kamera zinazoweza kuchagua ISO zenyewe ukiwa kwenye M, na wengi hupenda hivyo. Tatizo ni kwamba ile mita inayodanganywa na kanzu imerudi kazini kwa mlango wa nyuma. Mimi ningekushauri ukae na namba zako. Ukivuka kutoka juani kwenda kivulini, kidole kibadilishe ISO kabla macho hayajaanza kutafuta picha. Ukisahau ukabaki na 200 kivulini, umekosa stopu tatu nzima, na hilo halitengenezeki vizuri hata kwa RAW. Kila ukibadili mtaa piga picha moja ya majaribio, tazama histogramu, ule mchoro wa mwanga wa picha, mara moja, kisha zima kabisa ule mtindo wa kamera kuonyesha picha kila ukibonyeza. Ukiinamisha kichwa kwenye kioo unakosa linalofuata, na unawatangazia watu wote kwamba kuna kitu umechukua.

Ngozi nyeusi inapenda mwanga mpana unaotoka pembeni. Inarudisha mwanga kama kioo pale uso unapojikunja: paji, mfupa wa shavu, mgongo wa pua. Jua la saa 6 likiwa utosini linaweka doa jeupe kwenye paji na mashimo mahali pa macho. Lakini mweke mtu huyo huyo kivulini, akitazama ukuta wa ng'ambo unaopigwa na jua, utaona mwanga umeteleza shavuni polepole hadi chini ya kidevu. Kwa hiyo mtaani tafuta kwanza ukuta unaong'aa, kisha geuka utazame nani amekaa upande wa pili akiuelekea. Kisutu na Mtaa wa Indira Gandhi, kwenye yale majengo ya zamani yenye varanda, utaipata hali hiyo mara nyingi. Zanzibar, vichochoro vya Mji Mkongwe ni vyembamba kiasi kwamba mwanga unadunda kutoka ukuta hadi ukuta, na mzee aliyekaa barazani anapata taa ambayo studio ingemtoza hela.

Jihadhari na turubai. Turubai la bluu juani humimina rangi ya bluu juu ya kila aliye chini yake, na ngozi nyeusi inageuka ya kijivujivu. Ukijaribu kuisahihisha nyumbani, barabara iliyo nyuma yenye jua inageuka chungwa, kwa sababu ni mianga miwili tofauti katika picha moja. Miavuli ya manjano au nyekundu inasameheka zaidi. Chini ya turubai la bluu fikiria picha ya rangi nyeusi na nyeupe tangu mwanzo, au ondoka.

Kuhusu saa. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwaka mzima jua linachomoza kati ya saa 12 na saa 12 na dakika 40 asubuhi hivi, na linapanda karibu wima, nyuzi 15 kila saa. Mwanga laini wa asubuhi haudumu, muda wa saa moja na nusu ukijitahidi. Jioni ni vivyo hivyo, na jua likishazama una dakika 20 hivi kabla ya giza. Mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba jua la mchana linapita utosini kabisa, kivuli cha mtu kinakaa chini ya viatu vyake. Mchana wa namna hiyo usitafute nyuso. Tafuta maumbo: umbo jeusi la mtu mbele ya ukuta unaong'aa, miguu na ndoo, mgongo wa mchukuzi. Kuna picha ya mpigapicha Mhungaria Martin Munkácsi iliyozoeleka kuitwa ya Ziwa Tanganyika, vijana watatu wakikimbilia mawimbi. Wameipa kamera mgongo, ni weusi tupu mbele ya povu jeupe, hakuna uso hata mmoja. Henri Cartier-Bresson, Mfaransa aliyekuja kuwa gwiji wa picha za mtaani, aliiona mwanzoni mwa miaka ya 1930, na ndiyo picha aliyosema ilimsukuma kwenye upigaji picha. Picha ya mgongo pia haimtambulishi mtu, jambo ambalo utalithamini tukifika kwenye sheria.

Baada ya kamera, mwili wako. Wewe unatembea huku ukiwinda, na hapo ndipo watu wanapokushtukia. Anayetembea na kamera ni mgeni kwenye kila hatua anayopiga. Aliyesimama mahali pamoja dakika 20 ameshakuwa sehemu ya kona. Chukua mfano wa muuza kahawa: birika juu ya jiko la mkaa, vikombe vidogo ndani ya ndoo ya maji, kashata kwenye sinia, wazee watatu kwenye benchi. Fika saa 10 jioni, jua likipiga ukuta wa ng'ambo. Salimia, "Shikamooni wazee", agiza kahawa, kamera ikiwa shingoni inaonekana, haijafichwa. Kaa umbali wa doti moja. ISO 1600.

Kwanza shughulikia mandharinyuma wakati bado unakunywa. Je, kuna nguzo itakayoota kichwani mwa mzee wa katikati? Kuna bango la simu lenye rangi kali litakalovuta jicho? Sogea nusu hatua kushoto, nguzo imeondoka. Mvuke wa birika hauonekani mbele ya ukuta mweupe. Unaonekana ukiwa na giza nyuma yake na mwanga kutoka ubavuni, kwa hiyo kaa pale ambapo mlango wa duka ulio wazi uko nyuma ya birika. Kikombe cha kwanza kikiisha, sema wazi: "Mzee, napiga picha za hapa kijiweni, hamna shida?" Watasema sawa, watakaa wima kama wako studio. Piga hiyo ya wima, cheka nao, agiza kahawa ya pili. Dakika kumi baadaye wamerudi kwenye mpira na siasa, na wewe umeshasahaulika.

Hapo sasa ndipo pozi linakufa. Inua kamera kabla tukio halijaiva, iache jichoni, subiri. Mkono wa muuza kahawa unapanda, uzi wa kahawa unarefuka, bonyeza ukiwa mrefu kabisa. Kicheko kibonyezee kinapoanza kupanda, maana kikifika kileleni macho hufumba na mdomo hutanuka vibaya. Piga moja moja. Ukiachia kamera kama yako ipige mfululizo, ule mlio wa ta-ta-ta utawageuza wote. Ukishabonyeza usishushe kamera haraka. Endelea kuchungulia ng'ambo yao kana kwamba unasubiri kingine. Mara nyingi kingine kinakuja kweli.

Kwa wapita njia ni kinyume chake: wewe tulia, wao ndio waingie. Chagua kona yenye mwanga, kama pale Samora inapokutana na Azikiwe kwenye Sanamu ya Askari ya mwaka 1927, tengeneza fremu yenye nafasi tupu, kisha subiri mtu aijaze. Anadhani unapiga sanamu na yeye amekupitia mbele. Wengine watainama kidogo kwa adabu wasikuharibie, wewe subiri wapite.

Kupiga kutoka kiunoni bila kuchungulia usikuzoee. Watu humtaja Vivian Maier, yaya wa Chicago aliyepiga maelfu ya picha kamera ikiwa tumboni. Kamera yake ilikuwa Rolleiflex, ambayo kioo chake hutazamwa kutokea juu; aliiona fremu yake vizuri kabisa. DSLR isiyo na kioo cha kukunjua ukiishusha kiunoni unabahatisha, na zawadi yake ni videvu na pua.

Usiku jambo moja tu: fungua f/4, shata 1/100. Umeme wetu ni wa hezi 50, taa nyingi za maduka zinapepesa mara 100 kwa sekunde, na shata ya haraka zaidi inaweza kukuachia michirizi au rangi zinazobadilika picha hadi picha. Kwa 1/100 wapita njia watafifia, basi piga waliosimama.

Muuza viatu wako hakukasirika bure. Machinga akiona lenzi anafikiria mgambo: huyu anakusanya ushahidi kwamba nimepanga bidhaa barabarani. Bodaboda asiye na kofia anafikiria trafiki. Wapo wanaoamini utaenda kuziuza picha kwa wazungu na wao wabaki mikono mitupu, na kwa historia ya picha za Afrika huwezi kusema wameota. Na kuna stara: mama aliyejifunika hataki sura yake izunguke kwenye simu za watu asiowajua, na hilo halina mjadala. Mtu akikuuliza "Unanipiga picha ya nini?", nenda kwake, usirudi nyuma. Mwambie: "Samahani kaka, napenda mwanga ulivyopiga kwenye viatu vyako, napiga picha za mtaani. Hii hapa, tazama. Ukitaka nafuta." Akisema futa, futa pale pale akiona, mshukuru. Usibishane kuhusu haki zako ukiwa katikati ya Mtaa wa Kongo. Umati haufuati hoja. Hela usitoe. Ukimlipa mmoja, kona nzima itaanza kuigiza na picha zako za kweli zimekwisha. Nunua kitu badala yake, au mtumie picha kwa WhatsApp.

Kuna mahali ambapo hata kuinua kamera ni kosa la akili. Ukiteremka kutoka Posta kuelekea Kivukoni unakaribia Ikulu, bandari na kivuko; irudishe begini. Vivyo hivyo kambi za jeshi, vituo vya polisi, viwanja vya ndege, na kwa Mombasa kivuko cha Likoni. Watoto, bila mzazi kusema ndiyo, hapana. Ajali, wagonjwa, ombaomba: acha. Ramadhani, ukiwa Zanzibar au Mombasa, usimpige picha mtu anayekula mchana. Hujui kwa nini anakula, na watakaoiona picha hawatauliza.

Sheria sasa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na picha inayomtambulisha mtu inaweza kuhesabika kuwa taarifa yake binafsi. Uzito unaongezeka kadiri picha inavyokwenda mbali: kuiweka nyumbani ni jambo moja, kuisambaza mtandaoni ni jingine, na kuitumia kwenye tangazo au kumuuzia mteja bila idhini ya maandishi usithubutu. Kenya wana Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na wanaitumia. Septemba 2023 ofisi ya kamishna wa data iliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 za Kenya kwa kusambaza picha ya mteja bila ridhaa yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za wanafunzi zilizowekwa bila idhini ya wazazi. Hao walikuwa wafanyabiashara wakijitangaza, lakini ukurasa wako wa Instagram ukianza kukuletea kazi, na wewe umeingia kwenye biashara. Ukiwa na shaka juu ya uso, chagua ile fremu ambayo mtu amegeuka. Maelezo ya picha yaandike kwa mahali na tarehe, usiweke jina la mtu wala namba ya kibanda chake.

Ukirudi nyumbani usichague siku hiyo hiyo. Bado una harufu ya kahawa puani na kila picha itakuwa nzuri. Ngoja siku tatu. Kwenye kusafisha, inua uso peke yake kwa theluthi mbili za stopu au pungufu, teremsha weupe wa kanzu, na usiguse kile kitelezi cha kuongeza ukali juu ya ngozi: kinachimbua vinyweleo na kumzeesha mtu miaka kumi. Rangi ya ngozi iache ilivyo.

Jumamosi ijayo nenda kwa yule muuza viatu bila kamera. Msalimie, nunua hata kamba za viatu. Jumamosi ya pili nenda nayo ikiwa shingoni, imefunikwa kifuniko chake cha lenzi. Ya tatu muulize kama unaweza kumpiga picha akipanga mzigo asubuhi, saa 1, kabla wateja hawajajaa, na ukishaipata ichapishe ya ukubwa wa sentimita 10 kwa 15 umpelekee. Akiibandika kwenye meza yake, jirani zake wenyewe ndio watakaokuita.